Chanel wa Lubumbashi: jina la nyumba ya mitindo kwenye cheti cha mtoto wetu

Kuna mabishano yasiyoisha kwenye parseli, yaani viwanja vya nyumba, za Katuba, Kenya na Kampemba, mitaa ya Lubumbashi, kila mtoto wa kike anapozaliwa. Mama mzazi, ambaye mara nyingi bado ni kijana, anasema mtoto ataitwa Chanel. Mama mkwe anauliza hilo ni jina la nani katika ukoo. Baba anaona ni jina zuri, lina mwendo wa siku hizi. Shangazi anasema ni jina la chupa ya manukato. Wote wanne wanasema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Jina hili limeketi mahali ambapo ukoo, Kanisa, sheria na biashara vinagusana, na anayelitazama kwa upande mmoja tu hawezi kuelewa kwa nini limeshika.

Tuanze na mwenye jina, maana Chanel alikuwa mtu kabla ya kuwa duka. Gabrielle Chanel alizaliwa tarehe 19 Agosti 1883 mjini Saumur, Ufaransa, katika familia fukara. Baba yake alikuwa mchuuzi wa kuzunguka na bidhaa sokoni. Mama alipofariki, baba aliwaacha mabinti zake kwa masista wa Aubazine, akaenda zake. Binti alipokuwa mkubwa alifanya kazi ya ushonaji mjini Moulins, na jioni akaimba kwenye mikahawa, ambako wateja walimbandika lakabu ya Coco. Mwaka 1910 alifungua duka la kofia kwenye mtaa wa Cambon, Paris. Baada ya hapo akaanza kushona nguo za wanawake kwa kitambaa cha jezi, kitambaa ambacho wakati ule kilikuwa cha nguo za ndani za wanaume, akawaondolea wanawake vile vibana kiuno vilivyowakata pumzi. Mwaka 1921 yalikuja manukato No. 5, yaliyochanganywa na Ernest Beaux. Alifariki Paris tarehe 10 Januari 1971.

Kwa hiyo mama kijana wa Katuba anayesema "nataka mwanangu awe na jina la mwanamke aliyejitegemea" ana hoja yenye mizizi. Yatima aliyelelewa na masista, akaanza kwa sindano, akamaliza na nyumba yenye jina lake: maisha ya aina hiyo yanaeleweka vizuri sana Lubumbashi, mji uliojaa mama waliolea watoto sita kwa cherehani moja au kwa meza ya unga. (Na anayetaka kumfurahisha mama mkwe anaweza kumkumbusha kwamba lakabu ya mwanamke huyo, Coco, masikioni mwetu ni koko, yaani bibi au babu.)

Ila anayechukua historia aichukue yote. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani, Chanel aliishi na afisa wa Kijerumani, Hans Günther von Dincklage, na mwaka 1941 alijaribu kutumia sheria za Wanazi dhidi ya Wayahudi ili awanyang'anye ndugu Wertheimer, ambao walikuwa Wayahudi, hisa zao katika kampuni ya manukato. Hakufaulu. Mimi sioni kwamba jambo hili linalichafua jina la mtoto aliyezaliwa mwaka jana hapa kwetu. Lakini mzazi anayesema amelichagua kwa heshima ya mwanamke huyo anapaswa kulijua, kwa sababu siku moja mtoto atasoma na kuuliza mwenyewe.

Sasa maana. Jina la ukoo la Chanel linatoka kusini mwa Ufaransa, na wachambuzi wa majina hulihusisha na neno la zamani la huko lenye maana ya mfereji, njia ya maji, neno la ukoo mmoja na lile "canal" la Kifaransa cha leo. Ni jina la mahali lililogeuka jina la watu, kama yalivyo majina mengi ya ukoo ya huko. Kwa mtu wa Lubumbashi hilo si jambo la ajabu: mji wenyewe unaitwa kwa jina la mto. Lakini nitasema wazi kwamba sijawahi kuona mzazi anayempa mtoto jina Chanel kwa sababu ya mfereji. Maana anayoipa yeye anaitoa kwingine, na ili kuijua inabidi kufika sokoni.

Pita soko la Kenya, upande wa nguo na vipodozi. Herufi C mbili zilizopeana mgongo na kushikana, alama ya Chanel, utaziona kila hatua: kwenye fulana zenye shanga zinazong'aa, kwenye sendo za plastiki, kwenye hereni, kwenye mikoba, hata kwenye kile kitambaa cha kichwa chenye ua ambacho mtoto wa kike huvishwa akitoka kubatizwa. Sehemu kubwa ya bidhaa hizo haijawahi kuona Paris. Zimeshuka kwenye makontena kutoka China na Dubai, zikapita mpakani Kasumbalesa, zikafunguliwa hapa. Mama anayenunua anajua. Muuzaji naye anajua kwamba mama anajua. Wanachouziana ni habari inayobebwa na zile herufi mbili: mtu nadhifu, mtu aliyepangika, mtu ambaye akiingia ukumbini watu wanageuka. Mzazi anapoitoa alama hiyo kwenye fulana na kuiweka kwenye jina, anamtakia mtoto hali hiyo. Bibi aliyempa mjukuu wake jina Furaha au Neema alifanya vivyo hivyo. Alitamka baraka kwa neno alilokuwa nalo karibu.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo naona ndilo kiini, na ambalo wanaolicheka jina hili hawaligusi. Kwa Wafaransa wenyewe, Chanel kama jina la mtoto linashangaza kidogo, kwa sababu kwao ukuta kati ya jina la ukoo na jina la mtu ni mrefu. Jina la ukoo hurithiwa, jina la mtu huchaguliwa. Kwetu ukuta huo haukuwepo. Mluba wa Katanga akimpa mtoto wake jina Ilunga au Ngoie, anampa jina zima la mtu fulani, babu au rafiki aliyemsaidia, ili jina liendelee kuishi na mtoto awe somo wake. Majina mengine huja na mazingira ya uzazi: mapacha ni Kyungu na Kabange, au kwa Waluba wa Kasai Mbuyi na Kabanga, mtoto aliyezaliwa na kitovu kimemzunguka shingo ni Mujinga. Lakini lile la kumwita mtoto kwa jina la mtu unayemheshimu ni mila yenye nguvu, na haikuuliza kama jina hilo huko lilikotoka ni la ukoo au la ubatizo. Ndiyo maana Kongo imejaa akina Lumumba, Kennedy na Mandela ambao si ndugu wa Lumumba, wala Kennedy, wala Mandela. Chanel ameingia kwa mlango huohuo. Dior pia, na Armani, kwani karibu nyumba zote kubwa za mitindo zinaitwa kwa majina ya watu: Christian Dior aliyezaliwa Granville mwaka 1905, Giorgio Armani aliyezaliwa Piacenza mwaka 1934. Hata Mercedes, ambalo wengi wanadhani ni jina la gari lililopewa wasichana, lilikwenda kinyume: lilikuwa jina la binti wa mfanyabiashara Emil Jellinek, jina la Kihispania la Bikira Maria wa Rehema, na gari ndilo lililomwazima binti.

Lakini kwa nini iwe sasa, na kwa nini iwe mavazi? Jibu linaturudisha kwa Mobutu. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi ilipewa jina Zaire, na mwanzoni mwa 1972 majina ya ubatizo yalipigwa marufuku. Mobutu mwenyewe, Joseph-Désiré, akawa Sese Seko, na raia wote wakaamriwa kuyaacha majina ya Kizungu na kuchukua ya mababu. Kardinali Malula alipopinga, ilimbidi aondoke nchini kwa muda. Wakati huohuo suti na tai vilikatazwa, wanaume wakavaa abakosti, vazi ambalo jina lake lenyewe linatokana na maneno ya Kifaransa ya kuipinga suti. Ona hapo: jina la kigeni na vazi la kigeni vilifungiwa kwenye chumba kimoja. Ndiyo maana vijana wa Kinshasa waliovaa suti za Paris na Milano miaka hiyo hawakuwa wakijipamba tu. Walikuwa wakikataa kitu. Papa Wemba, mzaliwa wa Lubefu, aliyeunda bendi ya Viva la Musica mwaka 1977, aliifanya sapé, ule mtindo wa kuvaa kifahari, kuwa bendera ya kizazi, na kwa njia hiyo majina ya washonaji wakubwa wa Ulaya na Japani yakawa maneno ya kila siku hata kwa mtu ambaye hajawahi kupanda ndege. Aprili 1990 Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, tai iliruhusiwa. Prenomu, yaani majina yale ya ubatizo, zikarudi miaka hiyohiyo. Vilitoka pamoja kama vilivyoingia.

Waliozaliwa chini ya marufuku walikuwa na majina mawili ya kienyeji, jina na postinomu, yaani jina la pili linalolifuata. Prenomu iliporudi ilipewa nafasi ya tatu, mwishoni. Nafasi hiyo ya tatu ndiyo inayoeleza mengi. Tuseme mtoto ameandikwa Kabange Ngoie Chanel. Kabange ameshachukuliwa na mapacha, Ngoie ameshachukuliwa na babu. Ukoo umelipwa deni lake kabla Chanel hajafika. Nafasi ya tatu ndiyo ambayo mama na baba wanaweza kuchezea kwa hiari yao, na kwa sababu hiyo imekuwa uwanja wa ubunifu mkubwa: majina ya watakatifu, ya wachezaji, ya siku, ya sifa, ya wahusika wa tamthilia. Asemaye kwamba watoto wetu wanapoteza majina ya mababu kwa sababu ya Chanel angetazama kwanza cheti kizima.

Hata hivyo, wasiwasi wa mama mkwe hauondoki kabisa kwa hoja hiyo, na mimi niko upande wake kwa nusu. Shuleni na kanisani mtoto huitwa kwa prenomu. Akifika miaka kumi, marafiki wake hawajui kwamba yeye ni Kabange. Na siku hizi kuna wazazi wanaoandika prenomu mbili na kuliacha jina la babu ili jina zima lisiwe refu. Hapo ndipo kuna hasara ya kweli, na kosa si la Chanel. Kosa ni la kalamu iliyoruka nafasi ya kati.

Kuhusu kusambaa kwa jina, kwetu mtu hulipima kwa sikio. Uandikishaji wa vizazi bado uko chini: utafiti wa kitaifa wa 2017-2018 ulikuta kwamba kati ya watoto 100 wenye umri chini ya miaka mitano, kama 40 tu ndio walioandikishwa. Lakini orodha za ubatizo, matangazo ya harusi, mabango ya saluni na wito wa asubuhi darasani vinatosha kukuonyesha mwelekeo. Marekani, ambako vitabu vya Hifadhi ya Jamii huhesabu kila jina, mwaka 2000 peke yake wasichana karibu 300 waliandikwa Armani, na jina hilohilo lilipewa wavulana pia. Mwaka huohuo wavulana sita waliandikwa Timberland. Tofauti kati ya 300 na sita inafundisha kitu: umaarufu wa bidhaa hautoshi, lazima jina lisikike kama jina.

Na Chanel linasikika kama jina, hasa kwetu. Sikio la Mkongo lilikuwa limeshaandaliwa na akina Rachel, Christelle, Murielle, Gisèle. Lilikuwa limeshazoea Chancelle, jina la kike lililo jirani kabisa na Chancel la kiume, ambalo Chancel Mbemba, beki wa Leopards, timu yetu ya taifa ya mpira, amelifanya lijulikane hadi Ulaya. Wengi wanaopenda Chancel na Chancelle husikia ndani yake bahati, "chance". Kati ya Chancelle na Chanelle kuna herufi moja tu. Mama anaweza kuvuka daraja hilo bila hata kufikiria duka la Paris. Bibi naye ataongeza irabu mwishoni, aseme Shaneli, na jina litakuwa limeshafika nyumbani.

Armani ana bahati kubwa zaidi ya sauti, hasa kwa ndugu zetu wa Kivu. Huko Goma na Bukavu, Amani ni jina la kawaida sana, na baada ya miaka thelathini ya vita hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini. Armani limetofautiana nalo kwa r moja ambayo mdomo wa Kiswahili huimeza. Kijana anaweza kuwa Armani kwenye picha zake na Amani mezani kwa nyanya yake, na kila mmoja akaridhika. Dior kwetu ni geni zaidi. Lakini Senegali lilikuwepo kabla Christian Dior hajazaliwa: mfalme wa Kayor aliyepigana na Wafaransa hadi akauawa mwaka 1886 aliitwa Lat Dior.

Sasa Kanisa. Wazazi wengi wanakwenda kuandikisha ubatizo wakiwa na hofu kwamba padri atakataa. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilimtaka padri ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakigoma aongeze la mtakatifu. Sheria ya sasa, ya 1983, imelegea. Inataka tu jina lisiwe kinyume na hisia za Kikristo. Lakini mzazi wa Chanel hahitaji hata kujitetea kwa sheria hiyo, kwa sababu mtakatifu yupo. Pierre Chanel, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1803, alikuwa padri wa shirika la Wamaristi. Alipelekwa kisiwa cha Futuna katika Bahari ya Pasifiki, akauawa huko tarehe 28 Aprili 1841. Papa Pius XII alimtangaza mtakatifu mwaka 1954, na sikukuu yake ni hiyohiyo tarehe 28 Aprili. Ni shahidi wa kwanza wa Oseania. Chanel ni jina lake la ukoo, kweli, lakini Xavier nalo lilikuwa jina la ukoo la Fransisko, na leo hakuna padri anayeshtuka kumbatiza Xavier. Ningependa wazazi wengi zaidi walijue hili, si kama ujanja wa kumshinda padri, bali kwa sababu linampa mtoto siku yake katika mwaka na mtu wa kumwombea.

Upande wa serikali, Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa Kongo, na yasiwe ya matusi, ya kudhalilisha wala ya uchokozi. Ukisoma sentensi ya kwanza peke yake utadhani Chanel haliwezi kupita. Maisha yamekwenda njia nyingine: prenomu za kigeni zinaandikwa kila siku etasivili, ofisi ya kuandikisha vizazi, zikiwa zimesimama nyuma ya majina mawili ya nyumbani. Ninachowaomba wazazi wakitilie maanani ni kifungu kingine cha kanuni hiyohiyo: jina likishaandikwa, huwezi kulibadilisha, wala tahajia yake, wala mpangilio wake, mpaka mahakama ikubali kwa sababu ya haki. Karani akiandika Shanel, Chanelle au Channel, hiyo ndiyo itakayofuata mtoto kwenye diploma na pasipoti. Gabrielle mwenyewe aliandikwa Chasnel kwenye cheti chake cha kuzaliwa, na herufi hiyo ya ziada ilibaki kwenye hati zake. Basi nenda na jina umeliandika wewe mwenyewe kwa herufi kubwa kwenye karatasi, na usome rejista kabla ya kutia sahihi. Uandikishaji ndani ya siku 90 ni bure. Ukichelewa, unaingia kwenye njia ya mahakama.

Limebaki swali ambalo watu huniuliza kwa sauti ya chini: je, kampuni inaweza kutushitaki? Kwa jina la mtoto, hapana. Alama ya biashara hulinda bidhaa na huduma, haimkatazi mtu kuitwa. Mahali ambapo serikali huingilia ni pale jina linapoweza kumwumiza mtoto, kama mahakama ya Valenciennes, Ufaransa, ilivyokataa mwaka 2014 mtoto kuitwa Nutella, akawa Ella. Chanel haliko katika kundi hilo, kwani limeshakuwa jina la watu duniani kote.

Hatari iko mbele zaidi, siku mtoto atakapokuwa mkubwa na kutaka kufungua kazi yake. Mwaka 2014 kampuni ya Chanel ilimshitaki mwanamke mmoja wa jimbo la Indiana, Marekani, aliyekuwa ameiita saluni yake kwa jina lake la kuzaliwa, Chanel. Jina lilikuwa lake kwenye cheti, lakini kwenye bango la urembo lilikuwa limeingia shamba la mtu mwingine. Kongo nayo ina sheria yake ya mali ya viwanda, ya tarehe 7 Januari 1982, inayolinda alama zilizosajiliwa. Leo mabango ya "Chez Chanel" kwenye barabara zetu hayasumbuliwi na mtu. Binti anayetaka biashara yake ikue hadi nje ya nchi atafanya vizuri zaidi kuiita kwa jina lake la kati. Saluni inayoitwa Ngoie haitashitakiwa na mtu yeyote wa Paris, na babu yake atakuwa na bango barabarani.